Kwa nini ukurasa wa wavuti huanza na mstari usioonekana?

Mwambie fundi wa mbao pale Kibuye, Kisumu, unataka sanduku la upana wa futi tatu. Kabla ya kushika msumeno atakuuliza: "Tatu za ndani au za nje?" Vivinjari vya zamani viligombania swali hilohilo, na alama ya ugomvi huo ingali juu ya karibu kila ukurasa unaoufungua: <!DOCTYPE html>, mstari wa msimbo uitwao doktaipu.

Kanuni za CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, zilizotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1996 zilipima ndani. Ukiandika upana wa pikseli 300, ukaongeza nafasi ya pikseli 20 kuzunguka maandishi na mpaka wa pikseli 5 kila upande, kisanduku kizima kinafika 350. Internet Explorer 5 ya Windows ilipima nje: 300 ni 300, maandishi yajibane kwenye 250. (Mimi naona Microsoft walikuwa na hoja. Mlangoni sanduku hupita kwa kipimo cha nje.)

Kurasa nyingi zilikuwa zimeshaandikwa kwa kipimo hicho, kwa hiyo toleo la 6, mwaka 2001, lilitazama kwanza huo mstari. Likiukuta juu kabisa umekamilika, linafuata kanuni. Lisipoukuta, linauhesabu ukurasa kuwa wa kale na kupima nje.

Sasa kituko. XHTML, lugha ya kuandikia kurasa iliyo kali kuliko HTML, ilihimiza mwandishi atangulize tangazo la XML, lile linaloanza na <?xml. Faili ni halali, kikaguzi cha W3C kinaipitisha bila neno, lakini toleo la 6 likikuta tangazo hilo mbele ya doktaipu linarudi kwenye ukale. Mwenye adabu ndiye aliyechapwa! Nilimaliza jioni nzima kwenye saiba moja Nakuru nikishangaa safu yangu imekondaje, ilhali kwenye Firefox imenenepa vizuri.

Dawa ilikuwa kulifuta tu. Faili ikiwa ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, tangazo si lazima, na ukurasa unabaki halali. Wengine waliweka upana kwenye kisanduku cha nje, nafasi na mpaka kwenye kingine cha ndani yake. Hapo vivinjari vyote vinapata jibu moja.

Microsoft iliistaafisha Internet Explorer Juni 2022. Wabunifu wengi siku hizi huanza kazi kwa kuandika box-sizing: border-box, yaani sanduku lipimwe nje, vilevile alivyopima marehemu.