Gundi ya waya za meno: nguvu peke yake haitoshi

Mama mmoja wa Urambo alimleta binti yake kwenye kliniki yetu hapa Tabora. Binti yuko kidato cha pili, na alikuwa na miezi mitatu tangu awekewe waya za meno. Akatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa, akaifungua taratibu. Ndani yake mlikuwa na braketi moja, kile kipande kidogo cha chuma kinachobandikwa kwenye jino ili kishike waya. "Shikamoo daktari. Imetoka nikinywa uji." Mama yake akauliza swali ninalolisikia mara kwa mara: "Dokta, mlimwekea gundi feki?"

Niliigeuza braketi chini ya taa. Gundi yote ilikuwa imebaki mgongoni mwake hadi ukingoni, na jino lenyewe lilikuwa safi. Alama hizo zina maana. Gundi ikiondoka yote na braketi, haikuwahi kushikana vizuri na jino, na mara nyingi chanzo ni unyevu siku ya kubandika. Ikibaki kwenye jino na braketi ikatoka tupu, tunafikiria kitu kigumu kilichotafunwa, au taa ambayo haikuifikia gundi vizuri. "Mama, gundi ni nzima," nilimwambia. "Mate yaliingia kabla hatujamaliza. Kosa ni letu, tunalirekebisha leo."

Gundi tuliyomwekea ni kompositi, inayotumika zaidi kwa braketi duniani. Ni resini iliyochanganywa na chembe za glasi, ndugu wa ile inayoziba meno kwa rangi ya jino. Resini haishiki jino linaloteleza. Ndiyo maana tunalipaka kwanza asidi ya fosforiki ya takriban asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, tunaliosha, tunalikausha kwa hewa. Likikauka, mng'ao unapotea na jino linakuwa jeupe kama chaki. Tabaka la juu limefunguka vitundu visivyoonekana kwa macho. Resini inapenya humo, tunaimulika taa ya bluu, inagandia humohumo. Njia hii ya asidi aliionyesha Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955. Kabla ya hapo, karibu kila jino lenye waya lilivishwa pete ya chuma.

Tone la mate likigusa ile sehemu nyeupe, vitundu vinazibwa papo hapo, na kupangusa kwa pamba hakutoshi. Lazima asidi irudiwe. Mgonjwa akiniona namhimiza asifunge mdomo, asidhani nina haraka. Nalinda zile sekunde chache.

Gundi ya pili ni glasi ayonoma, ambayo kliniki nyingi tunaiita GIC tu. Waliitengeneza Waingereza Alan Wilson na Brian Kent, wakaitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yenyewe inashikana na kalisi ya jino kikemikali, inavumilia unyevu, na inatoa floraidi kidogo kidogo. Udhaifu wake ni kwamba kwa braketi haina nguvu za kutosha, hubanduka mara nyingi zaidi. Baadaye ikaongezwa resini, ikapatikana gundi ya kati na kati. Hiyo ndiyo ninayoichagua kwa jino la nyuma lisilokubali kukauka, au kwa mtoto mwenye mate mengi. Pete za magego nazo kwa kawaida tunazibandika kwa gundi za ukoo huu.

Wazazi wengi huomba "ile kali kuliko zote". Nawasihi wasiombe hivyo. Gundi inatakiwa ishike mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha siku ya kutoa waya iachie bila kumega jino. Tangu mwaka 1975 kipimo cha nguvu ya kushika kinachonukuliwa sana ni kama megapaskali 6 hadi 8 (megapaskali ni kizio cha nguvu kwa kila eneo), na kompositi iliyobandikwa vizuri inafika hapo. Nguvu ya ziada ni hatari, hasa kwa braketi za kauri, kwa sababu tabaka gumu la jino likimegeka halioti tena.

Jambo moja la kwetu huku: baadhi ya wagonjwa wetu wamekulia Singida au Shinyanga, kwenye maji yenye floraidi nyingi, na meno yao yana madoa ya kahawia. Meno hayo yanaisumbua asidi, hivyo tunaweza kuongeza muda wake au kulikwaruza jino kidogo kwanza. Mwambie daktari ulikokulia, hata asipouliza.

Na floraidi ya GIC isikudanganye ukaacha mswaki. Madoa meupe ya mwanzo wa kuoza yanaweza kujitokeza kuzunguka braketi ndani ya mwezi mmoja tu. Asali yetu ya Tabora ni tamu na inanata. Ukiilamba, piga mswaki kuzunguka kila braketi. Michembe mikavu, mahindi ya kuchoma na miwa ya kung'ata kwa meno ya mbele viache mpaka waya zitoke. Embe kata vipande, usigugune kokwa.

Ninachokiogopa zaidi ni supaglu. Mtu braketi imemtoka, kliniki iko mbali, anaibandika mwenyewe. Gundi ile hutoa joto ikiganda, inaweza kuunguza fizi na ulimi, na kwenye mate haidumu. Halafu braketi inakaa upande, waya inalivuta jino kuelekea kusikotakiwa, na sisi tunaanza kwa kukwangua kabla ya kutibu. Braketi ikitoka, ifunge kwenye karatasi kama alivyofanya yule binti, waya ikichoma shavu iwekee nta tuliyokupa, kisha piga simu kliniki uliyowekewa upangiwe siku ya karibu.