Motere ikitetemeka, si lazima buji zote zimekufa
Hapa Goma gari ya zamani ikianza kukohoa na kutetemeka kwa ralanti (motere inazunguka polepole bila kukanyaga esansi) utasikia eti badilisha buji (plagi za kuwasha esansi) zote ine, watu wanatoa franga na motere inabaki vile vile. Jamani, tafuta kwanza silinda gani haitumike: motere ikiwaka, chomoa waya ya buji moja moja na koleo yenye mikono ya plastiki (umeme yake ni mukali sana) unarudisha palepale, ile ukichomoa na sauti haibadilike, shida iko pale. Zima, hamisha buji yake kwa silinda ya pembeni, shida ikiifuata basi buji ndiyo mbaya, ikibaki kwa silinda ile ile angalia waya kisha kompresio (kama silinda inakamua hewa vizuri). Na buji zote zikitoka na masizi nyeusi kavu, huku juu karibu mita 1,500 hewa ni nyepesi, karbirateri (yenye kuchanganya hewa na esansi) isiporegleshwa, ni kusema isiporekebishwa, inatia esansi mingi kupita, anzia pale.