Njia fupi kwenye ramani si lazima iwe ya haraka

Wengi huamini kwamba kati ya njia mbili kwenye programu ya ramani, yenye kilomita chache ndiyo itakayokufikisha mapema. Kwenye tambarare, sawa. Mlimani hesabu hubadilika: kanuni ya zamani ya wapanda milima ni saa 1 kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8 zenye mita 600 za kupanda zitakula saa 2 na dakika 36. Kilomita 11 za tambarare, saa 2 na dakika 12.

Kwenye programu hiyo fungua mchoro wa mwinuko, unaoonyesha njia inavyopanda na kushuka, usome jumla ya mita za kupanda. Ukitoa tu kimo cha mwanzo kwenye kile cha mwisho, mabonde ya katikati yatakuponyoka. Mwendesha baiskeli aangalie pia kama njia ina mchanga.