Ndege ikidunda, usiisukume pua

Ndege ndogo ya mafunzo ikiharibika wakati wa kutua, mara nyingi waliomo hutoka kwa miguu yao. Kinachobaki ni propela iliyopinda, mguu wa mbele uliokunjika, na mwanafunzi asiyejua kosa lilianzia wapi. Mimi ni mwalimu wa urubani, na wanafunzi wangu nawaambia: lilianzia angani.

Chukua Cessna 172. Flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, zikiwa chini, huja kutua kwa kilomita 120 hivi kwa saa. Mwanafunzi mwenye hofu huongeza mwendo kidogo, akidhani anajiwekea akiba ya usalama. Lakini ukizidisha mwendo kwa asilimia 10, nishati inazidi kwa asilimia 21, na lazima iishie mahali. Anapoinua pua juu ya lami ndege haitui, inaelea tu. Subira inamwisha, anailazimisha chini, inadunda.

Hatari yenyewe ipo hapo. Pua imeinuka mbele ya macho yake, na mkono unasukuma usukani kuishusha kabla hajafikiri. Tairi la mbele halikuundwa kupokea kishindo cha kutua. Kazi hiyo ni ya magurudumu makubwa mawili. Linapiga lami, pua inaruka, anasukuma tena, na kila mdundo unazidi uliotangulia kwa sababu mkono wake unachelewa. Mguu ukikatika propela inakwangua lami, na hata injini ikionekana nzima, ni lazima ifunguliwe ikaguliwe ndani.

Mdundo ukiwa mdogo, shikilia pua ilipo, ongeza nguvu ya injini kidogo, iache ndege ishuke yenyewe. Ukiwa mkubwa, nguvu zote, upae tena. Jiandae: ndege iliyopangwa kwa kutua, ikipewa nguvu zote, huinua pua kwa kasi na kuvutwa kushoto. Zuia pua isipande mno, kanyaga pedali ya kulia, flapu uzipandishe kidogo kidogo.

Kwetu Unguja kuna mtego mwengine. Njia ya kurukia ya Kiembe Samaki ina zaidi ya mita 3,000, hivyo ukielea hata mita 500 hudhuriki, na kosa linageuka mazoea bila mtu kuliona. Mazoea hayo ukiyapeleka Pemba, lami ni kama nusu ya hiyo, tena nyembamba. Wembamba unadanganya macho: unajiona uko juu kuliko ulivyo, unakuja chini mno na kuchelewa kuinua pua.

Wakati wa kusi, ukitua kuelekea kusini, upepo mara nyingi hukupiga ubavu wa kushoto. Inamisha bawa la kushoto, nyoosha pua kwa pedali ya kulia, gurudumu la kushoto litangulie kugusa. Wengi huliweza hilo, kisha hulegeza mikono mara tu magurudumu yanapogusa, na ndege inatoka nje ya lami. Shikilia hadi mwendo uishe.

Kinachoniumiza zaidi ni kule kuona haya. Mwanafunzi anajua kutua kumeharibika, lakini anaona aibu kupaa tena wenzake wakimtazama. Kwa hiyo kabla ya kila kutua namtaka anioneshe alama moja kwenye lami. Ikipita magurudumu hayajagusa, tunapaa, na simuulizi sababu.