Vita vya msituni Uganda havikuanzia Kabamba, wala havikuishia Kampala

Kila ifikapo 6 Februari jeshi la Uganda huadhimisha Tarehe Sita. Siku hiyo mwaka 1981 kundi dogo la Yoweri Museveni lilivamia kambi ya mafunzo ya kijeshi ya Kabamba, na Elly Tumwine ndiye anayetajwa kufyatua risasi ya kwanza. Ghala la silaha walilolifuata hawakufanikiwa kuliingia, wakaishia misitu ya Luwero, kaskazini mwa Kampala. Tarehe 26 Januari 1986 Kampala ilikuwa mikononi mwao, na siku hiyo nayo ni sikukuu ya taifa. Tunabishana kuhusu mashujaa na wasaliti, lakini hata wabishi wakubwa huzikubali tarehe hizo mbili bila kuuliza nani alizichagua.

"Risasi ya kwanza ililia Kabamba." Mwulize mtu wa Arua au Koboko. Oktoba 1980, miezi minne kabla ya Kabamba, askari wa zamani wa Idi Amin walivuka mpaka kutoka Sudan na kuvamia West Nile, pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi. Jeshi la serikali, UNLA, liliwarudisha nyuma, kisha hasira zake zikawaangukia raia. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na umati mkubwa ukakimbilia Sudan na Zaire. Waliobaki nao hawakusalimika: tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua.

Hapo ndipo maelezo ya kawaida yanapokwama. Tunaambiwa chanzo cha vita ni kura za Desemba 1980 zilizomrudisha Milton Obote madarakani. Kwa Luwero, sawa. Ila West Nile watu walikuwa wanakufa na kukimbia miezi miwili kabla ya karatasi ya kwanza ya kura kutumbukizwa sandukuni. Na kwa kuwa tumezigusa kura zenyewe: chama kilicholia zaidi kwamba kimeporwa ushindi ni DP cha Paul Ssemogerere, nacho kilienda bungeni kuwa upinzani. UPM cha Museveni kilipata kiti kimoja tu, tena si cha Museveni.

"NRA, jeshi la Museveni, peke yao ndio waliopigana na Obote." Hapana. UFM, kundi la waasi la Andrew Kayiira, ilishambulia kambi ya Lubiri, katikati ya Kampala, Februari 1982. Kulikuwa na FEDEMU huko Buganda, na UNRF ya Moses Ali huko West Nile. NRA yenyewe ilizaliwa 1981 kwa kuunganisha wapiganaji wa Museveni na wale wa Yusuf Lule. Kayiira aliuawa Kampala Machi 1987, na kundi lake likabaki tanbihi.

"Museveni alimpindua Obote." Hili husemwa hata na watu wenye shahada. Obote alipinduliwa 27 Julai 1985 na maofisa wake mwenyewe. Mkuu wake wa majeshi, Oyite Ojok, mtu wa kabila la Lango kama Obote, alikufa katika ajali ya helikopta Desemba 1983. Obote akampa wadhifa huo mtu mwingine wa Lango, Smith Opon Acak, na maofisa Waacholi, kabila jingine la kaskazini, waliokuwa wakipoteza vijana wao Luwero wakaona wamechoka kutumiwa. Bazilio Olara-Okello akashuka na kikosi kutoka kaskazini, Tito Okello akawa rais. Desemba 17 mwaka huohuo Tito Okello na Museveni walitia saini mkataba wa amani Nairobi, mbele ya Rais Moi. Wiki sita hazikuisha, NRA ikauteka mji.

Ukishajua hayo, ile hadithi ya "Wabantu dhidi ya watu wa kaskazini" inabaki na nini? Waliouawa Ombaci ni watu wa kaskazini. Waliowaua wengi walitoka kaskazini. Aliyempindua mtu wa kaskazini ni mtu wa kaskazini, tena akasaidiwa na askari wa zamani wa Amin, waleale aliokuwa akipigana nao. Ukabila ulikuwepo, sikatai, ila ulifuata vyeo na kambi za jeshi kuliko ramani.

Kuhusu Luwero sitaki kueleweka vibaya. Mafuvu yaliyopangwa kando ya barabara baada ya vita yalikuwa ya watu halisi, na UNLA ndiyo inayobeba lawama kubwa, kama ilivyobeba kwa misako ya "panda gari" jijini. Obote alikanusha hadi kifo chake mwaka 2005, akiwatupia NRA. Ila idadi ya waliokufa ikitamkwa jukwaani kana kwamba ilihesabiwa, shtuka: makadirio huanzia 100,000 na kupanda hadi 500,000. Pengo la namna hiyo linaonyesha kwamba hesabu haijafanywa.

"1986 amani ilirudi." Agosti ya mwaka uleule raia waliuawa Namokora, Kitgum, na kikosi cha NRA kilichokuwa kimepokea wapiganaji wa zamani wa FEDEMU, watu waliofika Acholi wakiwa na deni la Luwero moyoni. Mwaka 1987 Alice Lakwena, kiongozi wa waasi kutoka Acholi, aliongoza wafuasi wake hadi karibu na Jinja kabla ya kuvunjwa. Tarehe 11 Julai 1989, huko Mukura, Teso, askari wa NRA waliwafungia wanaume waliowashuku kuwa waasi ndani ya behewa la treni. 69 wakafa kwa kukosa hewa. Kufikia 2005 watu wapatao milioni 1.8 walikuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini.

Thomas Kwoyelo alitekwa na LRA, kundi la waasi la Joseph Kony, mwaka 1987 akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akakua hadi kuwa kamanda. Oktoba 2024 mahakama iliyoketi Gulu ilimhukumu miaka 40 jela kwa makosa ya kivita. Kwa kalenda ya sikukuu zetu, alitekwa mwaka mmoja baada ya vita kwisha.