"Mtoto wangu ameshamaliza chanjo": maneno ya mtaani na sindano ya miezi 18

Katika zahanati nyingi za Tanzania benchi la kliniki hujaa watoto wa wiki 6, 10 na 14, likajaa tena kwa wale wa miezi 9. Baada ya hapo akina mama wanapungua. Ukimuuliza mmoja wao, atakwambia mtoto ameshamaliza chanjo. Kadi haisemi hivyo. Bado kuna nafasi ya miezi 18: surua na rubela, dozi ya pili.

"Ya kwanza alichomwa, ya pili ni nyongeza tu."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linasikika kama lina akili. Mtoto wa miezi 9 anaweza kuwa bado na mabaki ya kinga aliyotoka nayo tumboni, na kinga hiyo huiua chanjo kabla mwili wake haujajifunza chochote. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa katika umri huo, kama 15 hivi hubaki bila kinga. Wote walilia, wote kadi zao zina tarehe, na hakuna wa kukuonyesha ni yupi. Dozi ya pili ni ya hao 15. Ndiyo inayofikisha waliokingwa takriban 97 kwa 100, na surua inadai idadi hiyo: virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

"Mwache augue, kinga ya asili ndiyo nzuri."

Bibi akisema hivi hajakosea kabisa, kwani aliyepona surua ni nadra kuugua tena. Tatizo ni gharama yake: nimonia, kuhara, na wengine kupoteza macho, hasa wenye upungufu wa vitamini A. Isitoshe, surua huufanya mwili usahau kinga uliyokwisha kujijengea dhidi ya magonjwa mengine, ndiyo maana mtoto aliyepona huweza kuandamwa na maradhi kwa miezi, hata miaka.

"Nilikwenda nikarudishwa, basi si ya lazima."

Hapa simlaumu mama. Chanjo hii huja ikiwa unga ndani ya kichupa, na muuguzi huichanganya na maji yake maalumu. Mara nyingi kichupa kimoja ni cha watoto 10, na kikishachanganywa hakitakiwi kupita saa 6. Sasa umefika peke yako, saa nane mchana. Muuguzi anawaza dozi tisa zitakazomwagwa, anakwambia, "Mama, njoo Alhamisi." Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini hofu ya kuishiwa chanjo ni ya kweli. Ukirudishwa, mwombe akuandikie siku hiyo kwenye kadi, na uwahi asubuhi.

"Tumechelewa, itabidi aanze upya." Hapana, anaendelea alipoishia. Na mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha.

"Zinaharibu uzazi." Mpango wa chanjo wa Tanzania ulianza mwaka 1975. Watoto wa miaka ile leo wana wajukuu.

"Pepopunda alikingwa akiwa mchanga, inatosha."

Haitoshi. Zile sindano tatu za wiki 6, 10 na 14 zina kinga ya pepopunda ndani yake, lakini hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi tatu zaidi: mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Wanawake huipata wakiwa wajawazito. Wavulana hawana kliniki ya namna hiyo, na ndio wanaochezea mpira pekupeku. Wala huwezi kutegemea kwamba majirani wamechanja, maana vijidudu vyake vinakaa udongoni, havipiti kwa mtu. Hata aliyeugua pepopunda akapona lazima achanjwe, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haumwachii kinga.