Bitiruti Haigeuki Damu

Wiki hii huyu ni wa nne. Mama wa makamo kutoka Kondele, chupa ya lita moja ya maji ya bitiruti mkobani, na swali ni lile lile: "Daktari, wiki mbili nakunywa, mbona damu haipandi?" (Mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Lakini hapa Kisumu ukishavaa koti jeupe, basi.)

Kipimo cha kwanza cha himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kilisoma gramu 7.8 kwa desilita, cha jana 7.9. Hiyo tofauti siihesabu. Mashine huweza kuruka zaidi ya hapo kwa damu ile ile, na kidole kikikamuliwa sana, majimaji ya nyama huchanganyika na tone, jibu likashuka. Kwa hivyo nikikupa namba, usiiapie.

Bitiruti ni nyekundu kwa rangi yake, damu ni nyekundu kwa himoglobini yenye chuma. Hazijuani. Ukiinywa kwa wingi, wekundu huo unaweza kuuona kwenye mkojo ukaruka kwa hofu, lakini mshipani hauongezi kitu. Ina foleti, moja ya vitamini B, sikatai, na foleti inahitajika. Chuma chake ni kidogo.

Ila kinachonichoma zaidi ni hili neno "damu kidogo". Watu hudhani mwili ni mtungi ulioshuka maji, kazi ni kujazia. Nikamwita mama karibu na dirisha, nikamwonyesha mrija wake mwembamba uliotoka kuzungushwa kwenye mashine. Juu plazima, majimaji ya damu, ya manjano. Katikati ukanda mweupe mwembamba kama uzi, ndizo chembe nyeupe na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Chini, nyekundu. Kwa mtu mzima mwenye afya, nyekundu hufika karibu asilimia 45 ya mrija. Yake ilikuwa 24.

"Lakini si umejaa?" akauliza.

Umejaa, mama. Hata kikombe cha chai ya majani mawili hujaa. Na chai yenyewe, ukiinywa pamoja na chakula, huzuia chuma kisifyonzwe, nawe ulisema unakunywa vikombe vitatu.

Chembe nyekundu huundwa ndani ya uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa: nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari. Figo zikihisi oksijeni imepungua hutoa homoni ya erithropoietini, uboho ukaongeza kasi. Chembe hukomaa kwa takriban wiki moja, hutupa kiini chake, kisha huishi siku 120 hivi. Mtu mzima huunda kama milioni mbili kila sekunde! Kazi hiyo haikwami kwa kukosa wekundu. Hukwama kwa kukosa chuma, foleti au vitamini B12. Au malaria inazivunja haraka kuliko zinavyoundwa. Au ni siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambapo chembe huishi siku 10 hadi 20 tu, na huyo, hasa kama ameongezewa damu mara nyingi, asijinunulie vidonge vya chuma bila kupimwa.

Huyu mama shida ilikuwa hedhi nzito, miezi mingi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilimrudisha kwa daktari, yule wa kweli. Akapewa vidonge, nikamwonya kwamba choo kitakuwa cheusi, asivitupe. Omena, maini, managu na ndimu juu yake. Arudi baada ya mwezi, nikiona imepanda pointi moja au mbili nitaridhika.

"Na hii nimwage?" akainua chupa.

Kunywa, mama. Si umeshailipia?